Nyasi zilizopandwa nazo ni zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotugusa wakulima wa malisho, watu ambao tunaongezeka kila mwaka lakini ambao hadi leo, mbele ya ofisi nyingi za umma, hatuna jina linaloeleweka. Ninalima ekari 18 za nyasi aina ya Cenchrus wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Nazipanda kwa mbegu, nazipalilia, nazikata zinapoanza kuchanua, nazianika na kuzifunga marobota, kisha nayauza kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Dodoma mjini na, miaka ya ukame, kwa wafugaji wa asili wa wilaya hii na wa Kiteto. Kazi hii ndiyo inayoendesha nyumba yangu. Mvua chache nimezizoea na soko lipo. Kinachonikwamisha ni kwamba nyasi nilizozipanda kwa jasho langu hazihesabiwi kuwa zao kama yanavyohesabiwa mahindi na alizeti ya jirani yangu.

Nianze na tukio lililonisukuma kuandika. Mwaka jana, mwishoni mwa Aprili, siku chache kabla ya kukata, kundi la ng'ombe liliingia shambani kwangu usiku, na kulipokucha ekari 4 zilikuwa zimeliwa na kukanyagwa. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, naye akamwita ofisa ugani aje kufanya tathmini kama inavyofanyika mahindi yanapoliwa. Ofisa alikuja, akalipima eneo kwa hatua, akafungua orodha yake ya viwango vya fidia: mahindi, mtama, uwele, alizeti, karanga, mbaazi. Aliipitia mara mbili, kisha akaniambia kwa upole, "Mzee, majani hayamo." Kijana mwenye ng'ombe alikuwa amesimama hapo hapo. Hakukana kosa, ila aliuliza swali ambalo sijalisahau: "Baba, ng'ombe wamekula majani; walitakiwa kula nini?" Aliuliza kwa dhati, kwa sababu machoni pake shamba langu na pori lililo ng'ambo ya korongo ni kitu kimoja. Shauri likaisha kwa mbuzi mmoja, ambaye nilimpokea ili ujirani usivunjike. Ekari 4 zile zingenipa marobota yasiyopungua 400, na kwa bei ya shilingi 5,000 kwa robota ni shilingi milioni 2.

Simlaumu kijana yule, wala simlaumu ofisa aliyefuata orodha aliyokabidhiwa. Nalaumu orodha. Orodha hiyo, pamoja na sheria ndogo nyingi zinazofanana nayo, iliandikwa wakati ambapo hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kupanda nyasi.

Msomaji anaweza kudhani kwamba nchi yetu haina sheria ya malisho. Ipo, na ni nzuri kwa mengi. Bunge lilitunga Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, Na. 13 ya mwaka 2010, inayoitaka halmashauri ya kijiji itenge sehemu ya ardhi ya kijiji iwe ya malisho ya pamoja, na inayosimamia pia biashara ya vyakula vya mifugo kwa kuweka wakaguzi wa ubora. Nimeisoma sheria hiyo zaidi ya mara moja nikijitafuta ndani yake. Ninachokiona ni kwamba inaijua ardhi ambayo mifugo huchungwa, na inakijua chakula kinapofika dukani au kiwandani, lakini katikati ya ardhi ile na duka lile kuna mtu mwenye jembe na mundu ambaye hatajwi kwa namna inayomsaidia mtendaji wa kijiji kujua amfanyeje. Ukienda ofisi ya kilimo unaambiwa malisho ni mambo ya mifugo. Ukienda ofisi ya mifugo unaulizwa una ng'ombe wangapi. Mimi nina ng'ombe 3 tu. Nilipokwenda kujiandikisha kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, mwandikishaji hakujua aniweke kundi gani, na mwishowe aliniandika kuwa mkulima wa mahindi kwa kuwa nina nusu ekari ya mahindi nyuma ya nyumba.

Hapa Ugogoni, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi kavu, tuna desturi ya zamani kwamba mavuno yakishaingia ghalani, shamba hufunguka na ng'ombe wa kila mtu huingia kula mabua. Ni desturi yenye busara: mwenye ng'ombe anapata chakula cha kiangazi, na mwenye shamba anapata samadi bila kuibeba. Nimekua ndani yake na sitamani ife. Lakini nyasi ya Cenchrus ni ya kudumu. Ukiipanda leo itakaa shambani miaka mingi, kila mwaka ikichipua kutoka mashina yale yale. Kwa hiyo shamba langu halina siku ambayo mavuno yamekwisha kwa maana ile ya mahindi. Ninapokata mwezi wa Mei na kubaki na visiki vya kimo cha kiganja, visiki hivyo ndivyo mtaji wangu wa mwaka unaofuata, na ng'ombe mia wakivikanyaga na kuving'oa kabla ya mvua za Desemba, nitalazimika kupanda upya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inazipa mila nafasi yake ya heshima katika usimamizi wa ardhi ya kijiji, na ni haki iwe hivyo. Ila mila ya kufungua mashamba ilizaliwa na mazao ya msimu mmoja. Kijiji kinatakiwa kikae, kijadili na kuandika kwamba shamba la malisho ya kudumu halifunguki isipokuwa kwa ruhusa ya mwenyewe. Uwezo huo upo, kwani Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri za vijiji kutunga sheria ndogo, na zikishapitishwa na halmashauri ya wilaya zina nguvu kamili. Tatizo ni kwamba hakuna mfano wa kufuata. Mtendaji wa kijiji akitaka sheria ndogo ya usafi au ya mazingira atapata rasimu aliyoizoea, lakini akitaka ya malisho yaliyopandwa ataanza na karatasi tupu.

Tusidhani kwamba kulinda nyasi zisiliwe hadi kiangazi ni jambo geni lililoletwa na mashine za kufungia marobota. Wasukuma na Wanyamwezi wana ngitili, eneo ambalo hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapobana, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai wa kulimia. Wamaasai nao wana alalili. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ilipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta iliyotolewa kimataifa. Kilichofanya ngitili zirudi hakikuwa ua wala bunduki. Watu walikuwa na kanuni zao, dagashida, yaani baraza lao la jadi, ikisikiliza mashauri na sungusungu wakilinda, na serikali ikazipa kanuni hizo heshima badala ya kuzipuuza. Kila mtoto wa Shinyanga anajua kwamba ukiingiza ng'ombe katika ngitili ya mtu umekula mali yake, hata kama nyasi zile zilijiotea zenyewe. Mimi niliyepanda mbegu ninaomba niheshimiwe angalau kama huyo.

Sasa nije kwenye barabara, ambako nyasi zangu hubadilika jina kila zinapofika kizuizi. Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, ikafuta pia ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Wakulima tulishukuru kwa dhati. Lakini hei, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa, ni zao la biashara au ni la chakula? Ni chakula, ila cha ng'ombe. Gari langu la kukodi hubeba marobota 250 yenye kilo 15 kila moja, yaani kilo 3,750, kwa hiyo msamaha wa tani moja haunihusu. Thamani ya mzigo huo ni shilingi 1,250,000. Mkusanyaji mmoja wa ushuru ananitoza asilimia 2, ambayo ni shilingi 25,000. Mwingine, katika halmashauri ile ile lakini zamu nyingine, ananitoza asilimia 3, ambayo ni shilingi 37,500. Safari moja nilisimamishwa saa 4 usiku na kutakiwa nioneshe kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, kwa hoja kwamba majani hutoka porini. Nilieleza kwamba nimeyapanda, nikaonesha barua ya kijiji, na bado tuliachiwa alfajiri. Manyunyu yalipita usiku ule na turubai letu halikufunika nyuma vizuri. Marobota 40 yaliota ukungu, na robota lenye ukungu halifai kumpa ng'ombe, kwa sababu linaweza kumdhuru na kumfanya aache kula.

Sisemi tusilipe ushuru. Barabara ninayopita inatengenezwa kwa fedha, na zahanati ya kijiji chetu vilevile. Ninachoomba ni kiwango kimoja kinachojulikana, kilichoandikwa kwenye sheria ndogo ya kila halmashauri kwa jina la malisho makavu, ili nikipakia gari niwe nimeshajua nitalipa kiasi gani na wapi, na nikishalipa mahali pa kwanza stakabadhi yangu iheshimiwe mahali pa pili. Tena ningependekeza kiwango kiwe cha chini kabisa, au kifutwe katika miaka ambayo serikali yenyewe imetangaza ukame. Mwanzoni mwa mwaka 2022 sote tuliona picha za mizoga ya ng'ombe wa Simanjiro na Longido. Wakati ule hei ilikuwa inahitajika kaskazini kuliko dhahabu, na kila kizuizi kilichoongeza bei ya robota kwa shilingi 200 au 300 kilikuwa kinamzuia mfugaji asiye na uwezo asimwokoe ng'ombe mmoja zaidi.

Kuhusu vipimo nitasema kifupi, ingawa hapa wenye makosa tumo sisi wauzaji wenyewe. Wakulima wa nchi hii tulipigana na lumbesa kwa miaka mingi, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inatusaidia kwa kutaka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Robota la hei halina kipimo. Anayefunga kwa kisanduku cha mbao na kamba ya katani anaweza kupata kilo 12. Mwenye mashine anapata 15 hadi 20. Na wote wanauza "robota" kwa bei ya robota. Mfugaji wa mjini hana mzani, anaamini macho. Wapo pia wanaofunga nyasi zikiwa hazijakauka ili ziwe nzito, na mnunuzi hugundua baada ya wiki mbili anapofungua na kukuta joto na harufu ya uvundo ndani. Wakala wa Vipimo ikikubali kukaa na wakulima pamoja na wafugaji, tunaweza kukubaliana kwamba hei iuzwe kwa kilo, au kwamba kila robota libebe kikaratasi chenye uzito, aina ya nyasi na mwezi wa kukatwa. Mwezi una maana kubwa kuliko wengi wanavyojua: nyasi iliyokatwa ikiwa inaanza kuchanua ina lishe, na ile ile ikiachwa miezi miwili zaidi isimame hadi iwe kama fagio, ng'ombe atashiba tumbo na maziwa yatapungua.

Mbegu nazo zina mambo yake. Sheria ya Mbegu, Na. 18 ya mwaka 2003, imeipa Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, kazi ya kuthibitisha mbegu kabla hazijauzwa, na kwa mahindi na alizeti utaratibu huo umeokoa wakulima wengi wasiuziwe makapi. Kwa mbegu za malisho hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa wazalishaji ni wachache mno. Tunategemea mashamba ya serikali kama Vikuge, kule Kibaha, na Langwira, kule Mbarali, pamoja na vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, kikiwamo cha hapa Kongwa ambacho ndicho kilichotufundisha wengi wetu kuijua Cenchrus. Mahitaji ni makubwa kuliko kinachopatikana, kwa hiyo watu hupeana mbegu kwa debe, na anayeuza debe hilo hajui kama anavunja sheria. Mbegu ya Cenchrus ina tabia yake: ukiivuna leo na kuipanda kesho haioti vizuri, inataka ilale ghalani miezi kadhaa kwanza. Asiyejua hilo hununua, hupanda, haoni kitu, na husema ametapeliwa. Upo utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, ambao huwaruhusu wakulima wadogo waliofundishwa na kukaguliwa kuzalisha mbegu na kuwauzia majirani zao. Utaratibu huo ukitumiwa kwa nguvu kwenye malisho, vikundi vya hapa Kongwa peke yake vinaweza kuihudumia wilaya nzima. Hilo linahitaji Wizara ya Kilimo, yenye sheria ya mbegu, na Wizara ya Mifugo na Uvuvi, yenye malisho, zikae meza moja.

Nimeacha kwa makusudi jambo zito kuliko yote, nalo ni ardhi yenyewe.

Wafugaji wa asili wanatuogopa, na wana sababu. Wanapomwona mtu anazungushia wigo eneo lenye nyasi na kusema analima hei, wanakumbuka mara ngapi maeneo yao ya malisho yalimegwa kwa maneno mazuri. Wanakumbuka Kilosa, ambako Desemba mwaka 2000 watu waliuawa huko Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hofu hii haiondolewi kwa kuwaambia kwamba hei ni maendeleo. Nami nakiri kwamba wako watu, baadhi yao wakitokea mjini na mashine zao, wanaoingia kwenye malisho ya pamoja ya kijiji baada ya kuongea na viongozi wawili watatu, wanakata nyasi ambazo hawakuzipanda, wanafunga marobota na kuondoka, kisha Septemba wanarudi kuwauzia wale wale wenye nyasi. Jambo hilo ni baya, na linatuharibia jina sote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haimpi mwenyekiti wala mtendaji mamlaka ya kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na naamini kwamba kuuza nyasi za eneo la pamoja kunapaswa kufuata mlango huo huo: mkutano uitishwe, watu wasikie, bei ijulikane, fedha ziingie kwenye akaunti ya kijiji, na kiasi cha nyasi kitakachobaki kwa mifugo ya wanakijiji kiwe kimeamuliwa kwanza.

Kwa hiyo mpaka uwe wazi kati ya aina mbili za nyasi. Ziko zilizojiotea katika eneo la pamoja, ambazo ni mali ya kijiji kizima, na anayezikata peke yake bila idhini ya mkutano ahesabiwe amechukua mali ya umma. Na ziko zilizopandwa katika ardhi ya mtu mwenye haki nayo, kwa hati ya hakimiliki ya kimila au kwa urithi unaotambuliwa na kijiji, ambazo ni zao lake, na anayezilisha alipe kama aliyelisha mahindi. Mpaka huu ukiandikwa, unamlinda mfugaji kwa kadiri ile ile unavyonilinda mimi. Anayetaka kuona kwamba inawezekana aende Kiteto, kwenye vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti, vilivyoandaa mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi na kutenga malisho yanayovuka mipaka ya vijiji, kwa kutumia Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007. Kule malisho ya pamoja yanajulikana yanapoanzia na yanapoishia. Na mahali ambapo ya pamoja yamejulikana, ya mtu binafsi hayaleti tena mashaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji yenyewe inaruhusu wakulima na wafugaji kuandikiana makubaliano ya kutumia ardhi kwa zamu, na mimi niko tayari kumpa jirani yangu wiki mbili za kulisha visiki mwezi wa Juni, kwa idadi ya ng'ombe tuliyokubaliana, naye aniachie samadi. Nataka tu niwe nimeombwa.

Kuna hatari nyingine inayonikosesha usingizi. Sheria hiyo hiyo inaruhusu ardhi iliyotelekezwa kwa miaka isiyopungua mitano itangazwe kuwa imeachwa na igawiwe mtu mwingine. Shamba la nyasi ya kudumu halilimwi kila mwaka, halina matuta, halina mistari inayoonekana kwa mbali. Mgeni akipita Februari anaona pori. Mwaka juzi mjumbe mmoja wa kamati alilipendekeza shamba langu ligawiwe vijana kwa kuwa, kwa maneno yake, "halina kitu". Niliokolewa na wazee waliosimama mkutanoni wakaeleza kwamba wameniona nikikata. Haki ya mtu juu ya ardhi yake haifai kutegemea nani kahudhuria mkutano siku hiyo. Fomu za kijiji zinapoorodhesha matumizi ya ardhi, ziwe na mstari wa malisho yaliyopandwa, na mkulima aandikwe hapo kwa ekari zake na mwaka aliopanda.

Haya yote yana uzito kwa taifa lenye ng'ombe zaidi ya milioni 36. Sehemu kubwa ya nchi kavu haiwezi kulima mahindi kwa uhakika. Hapa Kongwa tulipata somo hilo mapema: mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilileta matrekta kuanzisha mashamba makubwa ya karanga, na kabla ya miaka mitano kupita mpango ulikuwa umeachwa, kwa kuwa udongo uligeuka mgumu kama saruji na mvua hazikutosha. Nyasi zilikuwepo kabla ya karanga na zikabaki baada yake, na sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi. Mwaka wa mvua mbaya jirani yangu wa mahindi huvuna magunia 2 kwa ekari, au asivune kabisa, wakati mimi bado nafunga marobota 50 au 60. Wengi wangebadilisha sehemu ya mashamba yao kuwa malisho wangejua kwamba ng'ombe wakiingia watalipwa, na kwamba wakipeleka sokoni hawatabishaniwa njiani.

Kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi naomba kanuni chini ya sheria ya mwaka 2010 zitakazosema waziwazi kwamba malisho yaliyopandwa ni zao, pamoja na rasimu ya sheria ndogo ambayo kijiji chochote kinaweza kuichukua na kuirekebisha. Kwa TAMISEMI, inayosimamia serikali za mitaa, naomba mwongozo mmoja wa ushuru kwa halmashauri zote, na maelekezo kwamba viwango vya fidia viongezewe malisho, bei yake ikikadiriwa kwa marobota ambayo ekari ingetoa. Kwa wenzangu tunaolima malisho, tuwe wa kwanza kupima marobota yetu kwa mzani na kukataa kununua nyasi za malisho ya pamoja zilizokatwa kwa siri.

Kijijini kwetu mkutano mkuu umepangwa kufanyika mwezi ujao, kabla watu hawajaanza kuandaa mashamba. Nimemwomba mtendaji aweke suala hili kwenye ajenda, amekubali, na yule kijana mwenye ng'ombe ameniahidi kuja kuzungumza kwa niaba ya wafugaji. Nimemwonesha shamba, tumehesabu pamoja mashina yaliyong'oka na yaliyopona, naye ameniuliza mbegu zinapatikana wapi.

Mkulima wa malisho,
Kongwa, Dodoma